Njia nne za kuhakiki mchezo wa jukwaani: ipi ya kuchukua, na lini

Mwalimu wa Kiswahili anapima igizo la wanafunzi bwaloni huko Masasi. Jaji ameketi meza ya mbele kwenye viwanja vya Mashujaa, Mtwara mjini. Ofisa wa mradi wa afya amepeleka kikundi kijijini Tandahimba. Mtangazaji wa redio wa Lindi anataka kuwaambia wasikilizaji kama onyesho la Jumamosi linastahili kiingilio. Wote wanne watasema wanahakiki mchezo, lakini kila mmoja ana uamuzi wake mbele. Wa kwanza anataka wanafunzi waelewe, wa pili anatoa kombe, wa tatu anataka kujua kama kuna kitu kitabadilika kijijini, na wa nne anamshauri mtu mwenye fedha kidogo mfukoni.

Kosa linalojirudia ni kuchukua kipimo kimoja, mara nyingi kile cha darasani, na kukilazimisha kwenye kazi zote nne. Hapa tunaweka njia nne pamoja: uhakiki wa fani na maudhui, maswali matatu, fomu ya alama, na majadiliano na watazamaji. Anza na uamuzi utakaofuata baada ya onyesho, ndipo uchague njia. Lakini kuna kazi moja inayotangulia zote.

Daftari kabla ya kipimo

Mhakiki asiye na kumbukumbu ya matendo huishia kusema "waigizaji walijitahidi", na hakuna mwelekezaji anayeweza kufanyia kazi maneno hayo. Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika kilichotendeka, kwa vitenzi: mama anafunga mlango, baba anabaki nje, anacheka, anaketi. Kulia andika kilichotokea uwanjani: kimya, kicheko, watoto kuanza kukimbizana, mtu kuinuka na kuondoka. Kila tukio likiisha, andika dakika. Kwa igizo la dakika 45, mistari 25 hadi 40 inatosha. Ukijaza kurasa sita, basi ulikuwa unaandika wakati wenzako wanatazama. Maneno "nzuri" na "mbaya" yasiingie kabisa katika hatua hii.

Badilisha mahali pa kukaa. Theluthi ya kwanza kaa mbele, ya pili pembeni, ya mwisho nyuma kabisa. Huku kwetu maigizo mengi huchezwa uwanjani, watu wakizunguka pande tatu au zote nne, na kikundi kilichofanya mazoezi bwaloni kikitazama upande mmoja huwapa nusu ya watazamaji mgongo. Anayekaa meza ya wageni mwanzo hadi mwisho hawezi kuliona hilo, kwa kuwa waigizaji wengi humchezea mgeni rasmi.

Pima pia mazingira kabla ya kumlaumu mwigizaji. Saa kumi jioni jua liko magharibi. Jukwaa likipangwa upande huo, watazamaji wanaangalia juani na sura za waigizaji zinageuka vivuli, kwa hiyo kila jambo linalotegemea macho na midomo linapotea. Upepo wa kusi, unaotawala takriban Mei hadi Septemba, hubeba sauti kuelekea kaskazini, na waliokaa upande unakotokea upepo hupata nusu ya maneno. Jenereta iliyowekwa nyuma tu ya jukwaa hufunika sauti zote za chini, hata mwigizaji awe hodari. Halafu kuna maiki moja ya mkononi, ambayo kwa maoni yetu huharibu mchezo kuliko kukosa maiki kabisa: kila anayetaka kusema lazima aisubiri, watu wawili hawawezi kukatizana, mkono mmoja wa kila mhusika hauna kazi nyingine, na ugomvi wa mume na mke unageuka hotuba za zamu. Ukiona hivyo, andika kuwa ni kosa la uelekezaji. Usimwandikie mwigizaji.

Fani na maudhui

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofundishwa sekondari. Upande wa maudhui kuna dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo na falsafa. Upande wa fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Nguvu yake ni kumlazimisha mtu kutoa ushahidi: ukidai dhamira ni usaliti, onyesha nani alimsaliti nani, wapi. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayochimba wazo la mchezo kwa kina hiki.

Udhaifu wake ni kwamba imejengwa kwa ajili ya kitabu kilicho mkononi. Chukua tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo vilianzia Nandete, Umatumbini, wilayani Kilwa, kwa hiyo kwa mtazamaji wa Lindi ni habari ya nyumbani. Msomaji anaweza kuandika kurasa kumi kuhusu imani, umoja na uongozi bila kugusa swali ambalo mwelekezaji hawezi kulikwepa: watu hawa wanaanzaje kuamini, mbele ya macho yetu, kwamba maji yatawakinga na risasi za Wajerumani? Nani anaamini kwanza, nani anasita, mwili wake unafanya nini wakati mwenzake ameshakubali? Karatasini hayo yanaweza kuwa mstari mmoja wa maelekezo. Jukwaani yanaweza kuchukua dakika tatu za ngoma, pumzi na kimya, na mchezo wote kusimama au kuanguka hapo.

Kama wewe ni mwalimu na unataka kubaki na njia hii, ongeza safu ya tatu kwenye jedwali la wanafunzi. Safu ya kwanza ni hoja (mathalani, "baba ni mbinafsi"), ya pili ni neno lililosemwa, ya tatu ni tendo lililoonekana. Hoja yenye neno bila tendo ihesabiwe nusu. Zoezi hili hufichua haraka ugonjwa mkubwa wa maigizo ya shule: mhusika anasogea mbele na kusema "ndugu zangu, tuache ubinafsi", wakati katika dakika 40 zilizopita hatukuona ubinafsi ukimgharimu mtu yeyote. Kipimo kingine rahisi: wanafunzi wazibe masikio kwa dakika mbili katikati ya tukio lenye mgogoro. Wakishindwa kusema nani anataka nini kwa nani, mgogoro haujafika jukwaani, hata kama umeandikwa vizuri namna gani.

Maswali matatu

Maswali haya huhusishwa na Goethe, mwandishi wa Ujerumani aliyeishi 1749 hadi 1832, na ndiyo njia fupi kuliko zote. Wasanii walikusudia kufanya nini? Wamefanikiwa kwa kiasi gani? Je, ilistahili kufanywa?

Mpangilio wake ni sehemu ya njia yenyewe. Swali la kwanza linamzuia mhakiki kupima mchezo aliotamani kuuona badala ya ule uliochezwa. Kikundi kilichokusudia kichekesho cha dakika 30 kisilaumiwe kwa kukosa falsafa. Kilaumiwe ikiwa watu hawakucheka, au walicheka kwa sababu tu mtu alivaa nguo za kike na kubinua kiuno, jambo ambalo lingechekesha bila hadithi yoyote. Jibu swali la kwanza kwa sentensi moja kabla ya kugusa la pili. Sentensi ikikataa kuandikika, rudi kwenye daftari: ama ulikosa kitu, ama kikundi chenyewe hakikujua kinakwenda wapi, na hilo la pili ni jambo la kuliandika.

Swali la pili ndilo linalobeba uzito. Kwa tahakiki ya maneno 400, maneno 250 yawe hapa, na yasimame juu ya nyakati tatu tu ulizoziona: moja iliyofaulu, moja iliyoshindwa, na moja iliyokuwa karibu kufaulu. Ya tatu huwasaidia wasanii kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kitu kinachoweza kurekebishwa wiki hiyo hiyo. Swali la tatu lipate sentensi mbili au tatu. Wanaoanza na swali la tatu huandika mahubiri kuhusu maadili, na mchezo hauonekani tena.

Kwa mtangazaji, au mtu anayeandika mtandaoni, hatuoni sababu ya kutafuta njia nyingine. Haifai kwa kombe, kwa sababu makundi mawili yenye makusudio tofauti hayalinganishiki kwa maswali haya.

Fomu ya alama

Mashindano yanahitaji namba, na namba zinahitaji uangalifu ambao mara nyingi haupo. Mgawanyo tunaoupendekeza kwa jumla ya 100 ni huu: hadithi na mgogoro 25, uigizaji 30, uelekezaji na matumizi ya uwanja 20, sauti na lugha 15, maleba (mavazi ya wahusika), vifaa na muziki 10. Kumi za mwisho zimebanwa kwa makusudi. Zikipanda hadi 25, kikundi chenye mfadhili hununua ushindi, na kile kilichotoka Newala na kanga mbili na kigoda kinashindwa kabla hakijafungua mdomo.

Namba bila maelezo ya ngazi ni bahati nasibu, kwa hiyo kila kipengele kiwe na ngazi zake. Kwa uigizaji: 0 hadi 9, mwigizaji anakariri na macho yanatafuta maneno. 10 hadi 17, anaeleweka lakini hamsikilizi mwenzake, anangoja zamu yake tu. 18 hadi 24, anasikiliza na mwili wake unajibu. 25 hadi 30, unajua anachotaka hata akiwa kimya, na mwisho wa mchezo si mtu yuleyule wa mwanzo. Kwa sauti na lugha, jaji asipime ukubwa wa sauti peke yake. Katika Kiswahili ukanushi mara nyingi uko mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo anayemeza silabi ya kwanza ya "hatutakwenda" au "hawatakuja" hugeuza maana ya tukio zima, hata kama anapaza sauti. Lafudhi ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao isikatwe alama hata moja. Kinachopimwa ni kama lafudhi inamfaa mhusika na kama maneno yanafika safu ya nyuma.

Majaji wawe watatu au watano. Kila mmoja ajaze peke yake ndani ya dakika tano baada ya onyesho, bila mazungumzo, kwa sababu neno moja la jaji mwenye cheo huvuta alama za wengine. Kundi la kwanza lipewe alama kwa penseli na zithibitishwe baada ya kundi la tatu, kwani jaji asiyekuwa na cha kulinganisha huogopa kutoa alama za juu. Adhabu ya kuzidisha muda ikatwe na mtunza saa, isichanganywe na fomu za majaji.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kujumlisha. Tazama majaji watatu na makundi matatu. Jaji wa kwanza anatoa 70, 68 na 66. Wa pili anatoa 72, 69 na 67. Wa tatu, ambaye hutumia ngazi yote, anatoa 45, 60 na 80. Jumla ni 187 kwa kundi la kwanza, 197 kwa la pili, 213 kwa la tatu. Kombe linakwenda kwa kundi ambalo majaji wawili kati ya watatu wameliweka mwisho. Hakuna aliyedanganya: mtu mmoja aliyetawanya alama amewashinda wawili waliozibana. Dawa ni kugeuza alama za kila jaji kuwa nafasi kabla ya kujumlisha. Hapo kundi la kwanza linapata 1+1+3, yaani 5, la pili 6, la tatu 7, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Alama zibaki kwa ajili ya kuwaeleza washiriki walipopungukiwa, nafasi ziamue kombe. Nafasi zikilingana, rudini kwenye kipengele cha uigizaji.

Hata ikiendeshwa vizuri, fomu haielezi kwa nini. Kikundi kinachopewa "68" na kurudi nyumbani hakijahakikiwa.

Majadiliano na watazamaji

Sanaa ya maonyesho kwa maendeleo ina historia ndefu nchini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliifanya vijijini, Malya mkoani Mwanza ikiwa miongoni mwa sehemu zinazojulikana. Katika njia hii hadhira haiwi mpokeaji wa ujumbe tu. Inahoji na kupendekeza, na mhakiki anapima kinachotokea baada ya mchezo kama sehemu ya mchezo.

Vikundi vingi huharibu hapa kwa swali moja: "Mmejifunza nini?" Jibu linajulikana kabla halijaulizwa. Watu watarudia ujumbe, watashukuru, na ripoti itaandikwa kuwa elimu imefika. Uliza kuhusu watu waliowaona: "Yule mke aliporudi na fedha za korosho, alikosea wapi? Kwa hapa kijijini, ingewezekana afanye vile?" Mtu akisema "hapa haiwezekani", usimrekebishe. Hiyo ndiyo taarifa ya thamani kuliko zote za siku hiyo, na mwambie mwigizaji arudie tukio kwa namna anayopendekeza mtazamaji. Augusto Boal, mwelekezaji wa maigizo wa Brazil, aliupeleka utaratibu huo mbali zaidi katika miaka ya 1970: mtazamaji husimamisha mchezo, huingia mahali pa mhusika na kujaribu njia yake.

Mhakiki ahesabu mambo machache: waliosema ni wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, na nani alisema kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akifungua mazungumzo, waliobaki hufuata alipoelekea. Kwa heshima zote, aombwe mapema kufunga badala ya kufungua. Wanawake wakikaa kimya, gawa watu katika makundi mawili kwa dakika kumi na tano, kisha rudisheni hoja bila kutaja majina. Rudi baada ya wiki mbili na uulize watu kumi ambao hukuzungumza nao siku ile waisimulie hadithi. Wakisimulia kichekesho na kusahau uamuzi wa mhusika mkuu, mchezo ulifurahisha lakini haukushika ulipokusudia.

Njia hii inachosha, inahitaji watu wawili wa kuandika, na haifai msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba hivi, ambapo watu wana shughuli nyingi. Ubora wa usanii nao unaweza kufichika: igizo dhaifu sana linaweza kuzaa mjadala moto kwa sababu tu mada inauma.

| | Fani na maudhui | Maswali matatu | Fomu ya alama | Majadiliano |
|---|---|---|---|---|
| Inamfaa nani | Mwalimu, mwanafunzi | Mtangazaji, mwandishi | Majaji wa mashindano | Mradi, kikundi cha kijamii |
| Muda baada ya onyesho | Saa 2 hadi 3 | Saa 1 | Dakika 5 kwa kundi | Saa 1 papo hapo, kisha wiki 2 |
| Watu | 1 | 1 | 3 au 5 | 2 hadi 3 |
| Inaona vizuri | Wazo na muundo | Lengo na utekelezaji | Tofauti kati ya makundi | Mguso kwa jamii |
| Haioni | Mwili, sauti, nafasi | Makundi mengi kwa pamoja | Sababu | Ubora wa usanii |

Ngoma na vinyago ndani ya mchezo

Hili linahitaji maneno yake, kwa sababu Mtwara na Lindi ni nadra igizo kukosa ngoma, na hakuna njia kati ya nne inayolipima vizuri peke yake. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ikiingia katikati ya mchezo, uwanja huwaka, na jaji mchovu hutoa alama za juu kwa shangwe. Jiulize jambo moja: ngoma ilipokwisha, je, kuna kitu kilichobadilika kwa wahusika? Kama tukio la baada ya ngoma lingeweza kuunganishwa na la kabla yake bila mtu kugundua pengo, ngoma ilikuwa mapumziko. Mapumziko mazuri yanaweza kuwa na haki yake, lakini yasipewe alama za hadithi.

Kinyago cha lipiko kinataka jicho jingine. Kinavaliwa kichwani kama kofia, mchezaji hufunikwa mwili mzima asitambulike, na huona kupitia tundu la mdomo. Kwa hiyo haoni pembeni, na akisema, sauti inabaki ndani ya mti. Mwelekezaji anayempa mvaa kinyago majibizano marefu hajui chombo alichonacho. Tafuta kama shingo, mabega na miguu vinasema, kama mwili unakaa kimya wakati mwingine anapozungumza, na kama waigizaji wengine wanamwachia nafasi ya kugeuka mwili mzima. Kuna pia suala la heshima: lipiko ni mali ya jando, lina miiko yake, na wazee waliokaa mkekani wanajua kama limeletwa kwa idhini. Mazungumzo ya dakika kumi na mzee mmoja kabla ya onyesho yatakueleza zaidi ya fomu yoyote.

Ukichagua

Mwalimu abaki na fani na maudhui yenye safu ya tendo, na kwa kidato cha pili kushuka atumie maswali matatu tu, kwani istilahi nyingi huwafanya watoto wasione mchezo. Waandaaji wa mashindano wachukue fomu, na jaji mmoja apewe kazi ya kuandika majibu ya maswali matatu kwa kila kundi, nusu ukurasa, yakabidhiwe pamoja na alama. Mradi wa afya au kilimo utumie majadiliano, lakini kabla ya kwenda kijijini umwite mtu mmoja anayejua jukwaa atazame mazoezi kwa maswali matatu, kwa sababu mjadala hauwezi kuponya mchezo usiosikika.

Kikundi kinachojipima chenyewe ndicho chenye kazi ngumu zaidi. Mwandishi wa daftari awe mtu asiyeigiza siku hiyo. Jioni ya onyesho kikundi kielezwe mambo mawili tu yaliyofaulu na moja la kurekebisha, yakiwa na dakika zake: "dakika ya 18, mlipogeuka wote kumtazama mtoto, watu walinyamaza". Mengine yangoje siku mbili, mwili upoe, kisha someni daftari lote kwa pamoja mkiwa mmesimama uwanjani, ili kila hoja ijaribiwe hapo hapo kwa mwili.